Samli ya Buni na Mguu wa Mti

Aibu yangu inajulikana Garsen yote, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na waliokuwapo, maana wao huicheka, nami hadi leo naikasirikia.

Baada ya mamba kuninyang'anya mguu chini ya goti, huko Mombasa nilitengenezewa mwingine wa mti na ngozi ya ng'ombe, nikapewa na soksi ya sufu ya kuvalisha kigutu. Soksi moja! Niambieni, enyi wenye miguu miwili, katika joto la Tana mtu aifue lini soksi moja, aianike lini, aivae lini? Nikaivaa mbichi. Kigutu kikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, ngozi ikachubuka, nikawa natembea huku nimeuma meno (na somo nililopenda kulifundisha lilikuwa usafi wa mwili). Kila Bwana Mkaguzi wa shule alipofika aliuliza, "Mwalimu, umezoea?" nami nikajibu, "Nimezoea, Bwana," kwa kuwa alikwisha kunionya kwamba asiyeweza kusimama darasani hawezi kuwa mwalimu.

Asubuhi ya kufungua darasa jipya kigutu kilikuwa kimevimba, mguu ukakataa kuingia. Mezani palikuwa na kibuyu cha samli, zawadi ya Mama Hawo, Muorma mfugaji ambaye mwanawe alisoma kwetu (kwao buni za kahawa hukaangwa kwa samli na kutafunwa). Nikaitupa soksi pembeni, nikapaka samli kidondani, nikapaka na ndani ya mguu, ukaingia taratibu bila kuniumiza, nami nikajiona nimewapita akili mafundi wote wa Mombasa. Sikukumbuka kwamba kinachoingia kwa kuteleza hutoka kwa kuteleza.

Nilisimama mbele ya wazazi na Mkaguzi, jua likawaka, samli ikayeyuka, mikanda ikalegea, nikahubiri juu ya watu kusimama kwa miguu yao wenyewe (ndiyo, hayo hayo), nikapiga hatua moja ya kutilia mkazo maneno yangu. Mimi nikaenda, mguu ukabaki. Nilianguka kifudifudi. Kabla sijainuka, mbwa mmoja aliyevutwa na harufu akauramba, akaukamata mkanda kwa meno, akatoka nao mbio, kiatu na vyote, shule nzima ikimfukuza.

"Mwalimu!" Mama Hawo akapaza sauti. "Samli ile mimi nilipa wewe ya kukaanga buni! Wewe nakaanga mguu?"

Kicheko kilifika kivukoni. Kisha wakakiona kigutu, chekundu, kinavuja maji, na kicheko kikakatika. Mkaguzi akaniinamia.

"Utazoea."

"Mguu umezoea, Bwana," nikamjibu nikiwa bado mavumbini. "Ngozi ndiyo iliyokataa, nami nimeificha ili usinifukuze."

"Basi huwezi kusimama."

"Kwani yeye nafundisha na mguu?" Mama Hawo akadakia. "Mimi nilileta mtoto kwa mdomo yake!"

Wazazi wakaitikia kwa kishindo. Mkaguzi akavaa kofia yake, akaondoka. Nilifundisha muhula mzima nimeketi, mguu ulionyang'anywa mbwa ukiwa pembeni, kigutu kikipigwa na upepo, wala hakuna aliyenifukuza. Nikaapa kwamba neno "nimezoea" halitanitoka tena kinywani, hata nikiulizwa habari za mbu.

Mkaguzi aliporudi, alisimama mlangoni akaanza, "Mwalimu, ume—"

"Soksi ya pili, Bwana," nikamkatiza. "Umekuja nayo?"