Ngozi ya Ng'ombe wa Mawe

Ukitaka kumuudhi Filomena Margwe, usihangaike kumtukana. Muulize tu habari za madini. Ataweka chini alichoshika, atajifuta mikono kwenye khanga, atakuonyesha shamba la juu, lile lililo mgongoni mwa kilima huko Bashay, halafu ataguna. Katikati ya shamba hilo kulikuwa na mtaro mrefu, na kandokando yake yalilala marundo ya mawe meupe. Udongo wa pale ni mweusi na laini, udongo wa kutoa vitunguu saumu vya kujaza kiganja. Lakini tangu Yusta, binti yao, akiwa bado anabebwa mgongoni, pale hapakuwa pameota kitu zaidi ya magugu. Na mlinzi wa magugu hayo alikuwa mume wake mwenyewe, Patriki.

Patriki alikuwa na kofia ngumu ya njano, imepauka na ina ufa, aliyoachiwa na wachimbaji. Aliivua mlangoni mwa kanisa tu. Akiivaa hutembea polepole, mikono nyuma, macho chini, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Historia ya mtaro aliisimulia kwa yeyote aliyekubali kukaa, na kwa wengine waliokuwa wamesimama wakitafuta namna ya kuaga.

Wa kwanza walikuwa Wajerumani. Walimkuta babu yake akichunga, wakaliona jiwe jeupe limechomoza ardhini kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Wakachimba kidogo, wakaenda zao kupigana vita vyao. Baada ya Uhuru wakaja vijana wa serikali wenye nyundo; wakagonga, wakanusa, wakaandika, wakaondoka. Mwisho wakaja wageni wenye mashine ya kuchoronga mwamba, iliyonguruma mpaka ng'ombe wakagoma kutoa maziwa. Wote walieleza jambo lilelile: hapo kale ardhi ilipasuka, maji ya moto yakapanda kwenye ufa, yakapoa, yakaacha jiwe jeupe. Ndani ya jiwe hilo kuna kitu cha kijivu, kizito, chenye kung'aa, ambacho ni madini ya risasi. Na ndani ya risasi hiyo kuna fedha, ile ya kutengenezea vikombe vya kanisa na pete za wenye nazo.

"Fedha imo ndani ya risasi, risasi ndani ya jiwe, jiwe ndani ya shamba langu," Filomena alipenda kusema. "Na mimi nimo ndani ya nini? Ndani ya njaa."

Wote pia waliaga kwa neno moja: tutarudi. Watu wengine wakiambiwa hivyo na mgeni hujibu karibuni, kisha wanaendelea na palizi. Patriki hakuwa watu wengine.

Kosa lake lilikuwa la heshima kabisa, na lazima uwe umekulia Mbulu ndipo uweze kulifanya. Huku, mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa wenzake wamtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe si wake, hauzi, hachinji. Siku mwenyewe akija kumchukua, akiwa muungwana, humwachia mtunzaji mtamba mmoja wa shukrani. Na ng'ombe akifa, hukai kimya. Unambebea mwenyewe ngozi aione kwa macho yake, ndipo mzigo unakutoka. Sasa wale wenye mashine, walipokuwa wanafunga mizigo, waliacha masanduku ya mbao yaliyojaa vipande vya mawe ya mviringo, virefu kama mihogo, vilivyotolewa chini ya ardhi. Mkubwa wao, mtu mwenye shingo nyekundu, akamwambia Patriki kupitia mkalimani, "Tutunzie haya mpaka turudi." Mtu alikuwa anatafuta pa kutupa takataka zake. Patriki akasikia amekabidhiwa ng'ombe.

Kuanzia siku hiyo masanduku yalikaa ndani ya nyumba, mahali pa ndama. Ndama wakahamishiwa jikoni. Mchwa walipokula mbao, Patriki alitengeneza masanduku mapya kwa mbao ambazo Filomena alikuwa ameziweka za mlango wa ghala. Mtaro nao ukawa haugusiki, kwa sababu ndiyo malisho ya huyo ng'ombe.

"Ng'ombe gani huyu, baba Yusta?" Filomena aliuliza mwaka baada ya mwaka. "Maziwa hana, samadi hana, na amemaliza shamba zima!"

"Subiri, mama Yusta. Mwenyewe atarudi. Mtamba wetu upo."

Filomena alivumilia, kwa mdomo mkali lakini alivumilia, kwa sababu shamba la chini lilikuwa linawalisha. Kisha korongo lililopakana nalo likapanuka. Mvua za mwaka mmoja zilikata ukingo, zikalimeza shamba la chini lote, pamoja na miti waliyoipanda kuzuia mmomonyoko. Lililobaki ni la juu tu. Wasipopanda pale msimu huu, itabidi wafunge nyumba wahamie Babati kwa Yusta, wakale kwa mkwe, wakiomba chumvi katika nyumba ya mtu mwingine. Filomena alimwambia mumewe hivyo wazi. Patriki aliirekebisha kofia yake, akasema mwenye mali akikuta mtaro umefukiwa atawaonaje.

Hapo ndipo alipofika Judica, dada wa Kipare aliyetumwa na ofisi ya madini kukagua mashimo yote ya zamani ya wilaya. Alichukua sampuli, akaenda, na wiki za kupanda zilipokaribia akarudi na majibu. Patriki alikuwa ameipaka kofia mafuta ya kupikia ing'ae.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, chai hii hapa."

Judica akanywa. "Fedha ipo, baba," alisema. "Wazee hawakudanganya."

Patriki alimtazama mkewe kama aliyefunga goli.

"Ila bado tunaangalia," Judica akaongeza, sauti imeshuka. "Pengine siku moja tutarudi."

Filomena alitua birika kwa kishindo. "Mwanangu, umekunywa chai yangu. Niambie ulichokiona. Ukitamka kurudi tena, huyu baba yako atanizika huku anaangalia barabara."

Judica alicheka kidogo, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Mshipa huu wa jiwe jeupe ni kama pembe ya ng'ombe iliyochomekwa ardhini, ncha ikiwa chini," alisema. "Juu ni mpana, ndiyo maana kila anayekuja anafurahi. Ukishuka unakonda. Ile mashine iliukuta umebaki uzi, na chini ya uzi ni mwamba mtupu. Fedha iliyomo hailipi hata kazi ya kuitoa."

"Na wale wa mashine," Patriki aliuliza taratibu, "walijua?"

"Walijua, baba. Wangekuwa wanayataka haya mawe, wangeyabeba."

Filomena alikuwa ameisubiri siku hii muda mrefu, na maneno yake alikuwa nayo tayari, yamenolewa. Akamsimulia mgeni kisa chote kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: mkubwa mwenye shingo nyekundu, ndama jikoni, mbao za ghala, mtamba wa shukrani. Alitaka wanawake wawili wamcheke mwanamume mmoja mpaka ajione alivyo. Alimaliza akisubiri kicheko.

Judica hakucheka. "Hata kwetu Upareni tunawekeana ng'ombe," alisema. "Akifa, mnafanyaje huku?"

"Unampelekea mwenyewe ngozi," Patriki alijibu, macho chini.

"Basi nipe ngozi, baba. Kampuni ile haipo tena, na kazi zao zote zilikabidhiwa ofisini kwetu. Upande wa mwenyewe, nimebaki mimi."

Patriki akaingia ndani, akatoka na sanduku la mwisho, lile la mawe ya chini kabisa. Judica akatoa kipande, kijivu kitupu, chenye uzi mweupe mwembamba ubavuni. Akakigeuza huku na huku, bila haraka, kama mtu anayekagua ngozi iwapo ina alama ya fimbo.

"Nimeiona," alisema. "Amekufa, na si wewe uliyemuua. Ulimtunza vizuri."

Patriki akavua kofia. Filomena akachukua birika, akaenda kulijaza tena, amekasirika kuliko alivyowahi kuukasirikia mtaro.

Masanduku yaliondoka na gari la Judica. Majirani waliitwa, pombe ikapikwa, mtaro ukafukiwa. Patriki mwenyewe alitangulia kutupa mawe meupe, moja moja, kwa adabu, na Filomena akamuuliza kwa sauti kubwa iwapo anamzika askofu. Lakini ni Patriki huyohuyo aliyebeba samadi yote mgongoni hadi juu, na vitunguu saumu vya mwaka huo vilitoka vikubwa hata Efrazia, jirani yao asiyesifu kitu, akasema si vibaya. Kofia ngumu ilibaki nyuma ya nyumba. Kuku mmoja anatagia humo, na ni matumizi ya kwanza ya maana kofia hiyo kuyapata.

Baada ya mavuno Patriki alirudi siku moja kutoka shambani, akasikia kitu kinapumua ndani, mahali palipokuwa na masanduku. Alichungulia. Mtamba mwekundu mwenye paji jeupe alikuwa anatafuna, amefungwa kamba mpya. Filomena alikuwa amempata kwa Efrazia, kwa magunia ya vitunguu saumu.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" Patriki aliuliza. "Nani ametuwekea?"

"Hakuna aliyetuwekea. Ni mtamba wako wa shukrani," Filomena alisema, akiendelea kuchambua maharage bila kuinua kichwa. "Wale wenyewe walikuwa wanachelewa."

Patriki aliingia, akaweka mkono juu ya mgongo wa mtamba, na mkewe alimsikia akivuta kamasi.

"Na ukithubutu kumwita Fedha," Filomena alisema, "naufukua ule mtaro, nakufukia wewe."