Njia ya Kwenda Soko Huria

Juzi nilikuwa dukani Kijenge nikinunua sabuni, maana siku hizi sabuni zimejaa mpaka mtu anachagua harufu. Akaingia mzee mmoja kutoka Olmotonyi, shuka begani, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," alisema mwenye duka, mama wa Kichaga wa makamo.

"Marahaba, mama. Eti hili Soko Huria liko upande gani? Redio inasema kila siku limefunguliwa."

Nikauma mdomo nisicheke. Yule mama hakuwa na haja ya kuuma wake. "Unatafuta nini huko, baba?"

Mzee akatoa ndani ya shuka kikombe cha bati, aina ile waliyogawiwa watoto wa shule mwaka sitini na moja, tulipopata Uhuru. "Kijana wetu alikileta, akampa mama yake. Kijana hatunaye tena. Sasa kimetoboka, na mama yake amesusa chai."

Vikombe vya kila nchi vilikuwa vimepangwa nyuma ya mwenye duka. Mama hakuvigusa. Alichukua kimoja kando ya mizani, akamwaga kalamu zilizokuwemo, akakifuta kwa kanga yake. Kilikuwa pacha wa kile.

"Nami niligawiwa, nikiwa darasa la pili."

"Shilingi ngapi?"

"Hiki hakiuzwi, baba. Mpelekee mama."

Wataalamu wetu wanasema sasa kila kitu kina bei. Mzee aligeuka mlangoni, vikombe viwili kifuani.

"Nitamwambia nimefika Soko Huria," alisema. "Kumbe watu wake hawauzi, wanagawa."