Siku Nilipomwandikia Mutua kwa Mashine ya Kazi

Hii aibu ningeikalia mpaka nizeeke, lakini kuna watu (Eric, najua uko hapo unacheka) wameisambaza kila mahali wakipunguza hapa na kuongeza pale, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu mimi Kalekye, msichana aliyemlilia mwanaume kwa spika mbele ya wafadhili, huko Kitisuru, mchana kweupe, na jua likiwaka.

Mnajua nafanya kazi na kashirika kadogo kanakosaidia akina mama wa Kangemi kupata chakula. Zamani tulikuwa tunapitisha unga kwa watu wa kati, mwenye stoo, mwenye lori, sijui kamati gani, na ile unga ikitoka stoo ni magunia, ikifika Kangemi ni hadithi. Akina mama wanarudi nyumbani na vikapu vitupu na mfadhili anatumiwa picha za watu wakitabasamu. Ndiyo maana Eric, kijana wetu wa kompyuta, alipokuja na hiyo kitu inaitwa blockchain, mimi nilimwamini kuliko mtu yeyote pale ofisini. Alituelezea polepole: msaada ukitoka kwa mfadhili unaandikwa, ukifika kwa simu ya mama unaandikwa, mama akichukua unga kwa duka unaandikwa, kila kitu kimefungwa kwa kingine kama mnyororo, nakala ziko kwa mashine nyingi, kila mtu anaona na hakuna mtu, hata bosi, anaweza kufuta. Nilisikia raha. Nikasema sasa wale wezi watatafuta kazi ingine.

Madam, mwenyekiti wetu, akaongeza lake (Madam lazima aongeze lake). Akataka kila vocha ya unga ifike kwa simu na kaneno kutoka kwa mfadhili, na juu yake kuandikwe, “Ujumbe kutoka kwa anayekujali.” Eric hakupenda lakini akaiweka.

Sasa asubuhi ya uzinduzi, kabla hata sijakunywa chai, Eric akanisukumia laptop. “Kale, jaribu hapo. Andika chochote, hiyo ni ya majaribio tu.”

Mtu wa kawaida angeandika “jaribio”. Mimi nikaangalia hayo maneno, anayekujali, na moyo ukaenda mahali huwa unaenda.

Mutua, Mkamba mwenzangu, alikuwa mchumba wangu. Alienda Arabuni kufanya kazi ya ulinzi, arudi tujenge. Mwanzoni alikuwa anapiga kila Jumapili nikitoka kanisa, tunaongea mpaka simu inachoma sikio, halafu ikawa mara moja moja, halafu namba yake ikazimika. Si ati alinikataa, hiyo ningelia niimalize. Alinyamaza tu. Mpaka leo mamake ananipigia kutoka Machakos kuniuliza kama nimesikia chochote, na mimi namuuliza vivyo hivyo, halafu tunaongea mambo ya mvua. Na bado nikitoka kazi naweza kushuka matatu pale Adams Arcade bila sababu, nipite tu pale tulikuwa tunakula chipsi, nisiingie, niende nyumbani.

Kwa hivyo nikaandika: “Nimekumiss sana. Sijakusahau hata siku moja. Usichoke kunikumbuka.” Nikabonyeza, nikapangusa macho kidogo, nikaenda kutafuta chai.

Kumbe majaribio yalikuwa yameisha, na Eric mwenyewe alikuwa ametutangazia hivyo kwa kikundi chetu cha simu, ila asubuhi hiyo alichanganya laptop bila kujua, akanipa ile ya mfumo wenyewe. Maneno yangu yakaketi hapo kama kaneno ka vocha zote, yakingoja mgeni wa heshima abonyeze.

Huko Kitisuru ilikuwa bustani ya Madam mwenyewe, nyasi imekatwa kama nywele za mwanajeshi, hema, skrini kubwa, wafadhili mbele na akina mama wetu wa Kangemi nyuma na vitambaa vyao vizuri. Mimi ndiye nilikuwa nasimamia programu, kwa hivyo nilikuwa nimevalishwa maiki ile ndogo ya kubandika kwa kola (kumbukeni hiyo maiki, mimi baadaye niliisahau). Mgeni wa heshima akabonyeza. Simu zikalia hema nzima, ngri ngri ngri, na kwa skrini yakatokea maneno yangu, makubwa kuliko mlango wa kanisa.

Nikajikunja karibu na Eric, nikafunika maiki na mkono. “Eric, futa hiyo!”

“Haifutiki.”

“Eric, tafadhali.”

“Kale, si ndiyo maana ya hiyo kitu? Wewe mwenyewe ulipiga makofi.”

Lakini nikatulia, kwa sababu hakukuwa na jina. Wafadhili walikuwa wanasema waa, kumbe mwenzao fulani anaandika vizuri. Akina mama walikuwa wanacheka, mmoja akafunika simu yake haraka jirani asione na akaanza kujirekebisha kitambaa. Ningenyamaza, ingepita.

Shosho Wambui akasimama.

Shosho ni mama mzee sana, anaishi peke yake nyuma ya soko la Kangemi. Kijana wake Kamau alienda Mombasa kutafuta kazi na hakuwahi kurudi wala kupiga simu. Alikuwa ameinua kasimu kake ka kubonyeza kama mtu anayeinua mtoto abatizwe. “Ni Kamau!” akasema. “Ni Kamau wangu! Ameniandikia!”

Wamama wakapiga ngemi, vigelegele vikajaa hema. Madam akaja mbio na machozi, akamkumbatia, akageukia wageni. “Mnaona? Mnaona vile teknolojia inaweza kurudisha mtoto kwa mamake?” Watu wakasimama wakapiga makofi, mtu wa kamera akapiga magoti kwa nyasi, na mimi nimesimama hapo kama mti wa stima. Shosho akanitafuta na macho, akanijia polepole, akanishika mkono.

“Msichana wangu, nisaidie. Nibonyeze wapi nimwambie niko hai?”

Nikamvuta kando, nyuma ya skrini, nikainama kwa sikio lake nikanong'ona, “Shosho, nisamehe. Si Kamau. Ni mimi niliandika. Nilikuwa namwandikia mpenzi wangu Mutua, alienda Arabuni akanyamaza, na mimi kila siku namngoja kama mjinga.”

Na mjinga ikatoka kwa spika zote, ikagonga ukuta wa jirani, ikarudi.

Makofi yakaisha. Nikasikia ndege. Nilipochungulia, bustani nzima ilikuwa imenigeukia na Eric ameficha uso na kofia. Nikaanza kung'oa hiyo maiki, ikakwama kwa kola, na vile nazidi kuivuta ndivyo spika zinazidi kulia kama nguruwe. Shosho hata hakugeuka. Alikuwa ananiangalia mimi tu.

“Kwa hivyo Kamau hajaandika,” akasema. Hiyo pia ikasikika hema nzima.

“Hapana, shosho.”

Akaangalia simu yake kidogo. “Na huyo wako, amejibu?”

“Hapana.”

Akanitolea maiki yeye mwenyewe, kwa vidole vyake vilivyopinda, akaniongoza mpaka kiti cha nyuma, tukakaa. Mkono wangu hakuuachilia mpaka soda zikaletwa.

Madam aliniambia tutaongea Jumatatu, na tuliongea (sitaki kusema zaidi). Sikufutwa. Kazi yenyewe ilienda vizuri ajabu: akina mama walichukua unga kwa duka la hapo Kangemi, kila mmoja wake, na kwa mara ya kwanza tuliona ikitoka na tukaiona ikifika. Eric ameongeza swali, ukiandika mfumo unakuuliza kama una hakika. Maneno yangu bado yako humo ndani, na yatakuwa humo hata mimi nikiwa sipo.

Mimi nimeapa. Nikiambiwa nijaribu mashine naandika moja mbili tatu, na mambo ya moyo wangu nitayasema jikoni kwangu, maji yakichemka.

Lakini Shosho huja ofisini siku hizi, akishachukua unga. Juzi alikaa akanitazama nikifanya kazi, akaniuliza, “Hiyo mnyororo yenu inajua kila pakiti imeenda wapi?”

“Kila pakiti, shosho.”

“Na mtu?”

“Mtu haijui.”

Akafunga kikapu chake taratibu, akasimama. “Wakiweza kujua na mtu,” akasema, “waanze na Kamau. Halafu huyo Mkamba wako.”