Kashata Ndani ya Mkebe wa Jeshi

Nimeishi Woolwich, huku Uingereza, miaka ishirini na mitatu, nawalea wazee wa watu kwa mshahara, na sijawahi kuitwa mjukuu wa mwizi mpaka nilipojiingiza katika kukusanya mikebe ya chokoleti.

Nieleze mapema, maana hata mume wangu mpaka leo hajaelewa. Wakati wa vita vile vikubwa, askari wa Mwingereza alipewa mkebe mdogo wa bati wa kutia mfukoni, ndani yake chokoleti ngumu ya kumwokoa siku atakayokuwa hana chakula kingine chochote. Juu ya kifuniko imeandikwa kwamba usifunguliwe ila kwa amri ya afisa. Mtu atasema mikebe yote ni ile ile, lakini ukiikazia macho haifanani. Upo wa rangi ya dhahabu na upo uliopakwa kijani. Upo ambao maandishi yake yamegongwa yakainuka, na upo ambao yamechapwa tu. Ulimi wa kufungulia, mwingine uko kushoto, mwingine kulia. Ninayo kumi na mmoja, kwenye kabati la vyombo. Mwanangu huniuliza kwa Kiingereza kama nina akili timamu, nami humjibu kwa Kiswahili kwamba aniache.

Wa kwanza sikuununua. Ni wa babu yangu mzaa mama, aliyetoka Tanga akapelekwa Burma kuwapigania Waingereza. Huko walipotezana na afisa wao msituni, wakakaa siku nne wakila majani na maji ya mvua. Babu alikuwa na mkebe mfukoni muda wote huo. Hakuufungua. Afisa hayupo, amri itatoka wapi? Akarudi nao nyumbani umefungwa vile vile, na watu wakamcheka mpaka akazeeka. Mie sikucheka. Nilipoletewa ule mkebe, nikaona chini yake ameikwaruza namba yake ya jeshi kwa msumari, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye cheti chake cha kuachishwa kazi. Hapo ndipo ugonjwa huu wa mikebe uliponianza.

Wakusanyaji wa huku Woolwich hukutana Jumapili moja kila mwezi katika ukumbi wa kanisa. Mwaka jana waliandaa maonyesho, kila mkebe uwekewe kadi yake: ni wa aina gani, na nani aliupewa. Kwenye mkutano wa kabla yake nikapeleka wa babu. Sikutaka kingine duniani ila jina lake liwe kwenye kadi ile.

Mwenyekiti wao, mzee mmoja Mwingereza, akaugeuza mara mbili tu. Akasema askari wa Kiafrika hawakuwa wakipewa hii, na wenye ulimi wa kushoto ulikuwa wa maafisa. "Labda babu yako aliuokota," akasema. "Au aliuchukua tu. Vitani mambo mengi hutokea."

Nikamtolea cheti, hakukitazama. Namba ya chini, akasema mtu yeyote anaweza kukwaruza. Kisha kwa upole wa kuudhi akaniazima mkebe wake mwenyewe, uliokuwa wa afisa, ulikwisha funguliwa zamani, niende nao nyumbani nikajionee tofauti. Nikauweka mezani kando ya wa babu, nikawasha taa, nikavaa miwani. Tofauti haikuwepo. Bati ni lile lile, ulimi upande ule ule, hata herufi moja ya kifuniko iliyopinda imepinda kwenye yote miwili.

Sasa hapa nakiri kosa langu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea sahani ya futari, utamrudishia sahani ina kitu, japo maandazi mawili, maana mkono mtupu haulambwi. Nimekuzwa hivyo, na mikono yangu haiulizi kwanza. Nikapika kashata za nazi, nikatia iliki, nikazikata vipande vidogo, nikazipanga ndani ya mkebe wa mwenyekiti, zikaenea sita. Mle ndani mlikuwa na karatasi ya nta iliyokaa tangu vita. Sikuitoa. Alhamisi nikampelekea mlangoni kwake, nikarudi zangu moyo mweupe kabisa.

Jumapili ya maonyesho nilipoingia ukumbini na mkebe wa babu na cheti chake mkononi, nikamkuta kauinua mkebe wake juu mbele ya watu. Karatasi imelowa mafuta ya nazi na mkebe mzima unanukia iliki. Akaniuliza kama najua nilichokifanya. Uso ulinishuka, nikamwomba radhi kwa dhati, na radhi ile ilikuwa ya kweli. Akasema mtu asiyejua kutunza vitu hawezi kutufundisha historia, kisha akauchukua mkebe wa babu, akauweka mezani na kadi mbele yake. Imeandikwa: Uliokotwa Burma. Mwenyewe hajulikani.

Nikamuuliza, "Na kashata zangu zilikuwaje?"

"Nimezitupa kwenye pipa," akasema.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikuwa amezidi. Nikamwambia: "Wewe umetupa chakula kizima ukatunza karatasi. Babu yangu alikaa siku nne na njaa, chokoleti iko kifuani, hakuigusa kwa sababu ninyi hamkumruhusu. Mtu aliyeogopa kufungua mkebe wake mwenyewe, unaniambia aliiba wa mwenzake?"

Nyuma, kwenye meza ya chai, alikuwepo bibi mmoja Mwingereza wa miaka themanini na ushei, ambaye huja kwa ajili ya kutuwekea chai tu. Akaiweka birika chini. Alikuwa mtoto, akasema, enzi za chakula cha kupimiwa kwa kadi, na mama yake alikuwa akila maganda ya viazi ili wao wale viazi.

"Umetupa peremende za watu?" akamuuliza mwenyekiti. "Kichukue cheti cha huyu mama ukisome. Kisome kwa sauti."

Akakisoma. Alipofika kwenye namba, bibi akaupindua mkebe wa babu akamwekea chini ya pua. Mzee wa watu shingo ilimgeuka nyekundu. Kisha akaichana kadi, akatoa nyingine, akashika kalamu.

"Anza na neno 'alipewa'," nikamwambia.

Akaandika. Nikamtajia jina la babu, la baba yake na la babu yake, herufi moja moja, taratibu. Alipokosea herufi ya tatu, nikamwambia aichane kadi aandike upya.