Jiwe la Baba

Kaka yangu ana kichwa kigumu, na amekirithi kwa mama. Asubuhi ile walikabiliana kwenye mtaro wa msingi, zege limeshakorogwa, mafundi wamesimama na makarai yao, na mimi katikati yao.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama. Kaka alirudi Nyabiyonza kumjengea kabla ya mvua, maana ile ya zamani ukuta wa jikoni ulishaanza kulala. Mawe akayatafuta karibu: akapeleka tipa kilimani, kwenye rundo la mawe la makaburi ya watu wa kale. Waliozikwa pale hata wazee wa Kinyambo hawawajui. Ila ukipita na ng'ombe unaongeza jiwe, unakwenda zako. Kaka yeye aliona mawe ya bure.

Mama alikuwa msibani Kituntu. Aliporudi akakuta kilima kina upara. Alishuka mtaroni na gauni lake la msiba, akayakalia mawe. Kaka akalalamika kwamba zege linaganda, kwamba mvua haingojei mambo ya kale, mwisho akamwamuru fundi amwage. Fundi hakuthubutu. Nikamwambia kaka akimgusa mama, undugu wetu umekwisha, na sikuwa natania.

"Mama, toka," kaka akasema. "Hao si ndugu zetu."

"Baba yenu yumo humu."

Baba alifukiwa na kifusi machimboni tukiwa wadogo, na mwili haukuletwa. Kumbe mama alichukua jiwe kwenye migomba ya baba, akalipandisha kilimani peke yake, akaomba wale wa kale wamtunzie mtu wake. Miaka yote hiyo hakutuambia. Iliniuma sana.

Kaka akauliza ni lipi. Mama akasema halitambui tena. Basi kaka akavua viatu, akashuka, akaanza kuyatoa moja moja. Ghafla akasimama, akatazama kona ya msingi patakapokuwa chumba cha mama. Tripu ya kwanza ya mawe ilipangwa pale na kumwagiwa zege jana yake.

Akachukua nyundo. Mama akamshika mkono.

"Usivunje. Kitanda changu kiweke hapo."

Mawe mengine tuliyarudisha kilimani. Kitanda kiko kwenye kona ile mpaka leo, mbali na dirisha, na mama hataki kisogezwe hata kwa kufagia.