Nyota Iko, Kiti Hakuna

Mwaka 2011 palikuwa na mwalimu huko Kabingo aliyebeba nyota moja kwenye kila bega na hakuwa na mahali pa kuzipeleka. Jina lake Bonaventure Mutware. Alifundisha hesabu darasa la sita. Likizo zake za miaka miwili zilikuwa zimeishia kwenye mafunzo ya jeshi la akiba, akitambaa matopeni pamoja na vijana waliomwita babu, naye alikuwa na miaka thelathini na minne tu. Mwezi wa Juni alikula kiapo, akawa luteni usu. Kabingo walimchinjia mbuzi. Mama yake alizishika zile nyota kwa vidole, moja baada ya nyingine, kama anayechagua maharage.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja siku ya kiapo lilikuwa kwenye barua, aya ya nne. Ofisa wa akiba hapangiwi kituo, hujitafutia. Sharti apate kikosi chenye nafasi wazi, mkuu wa kikosi amkubali kwa sahihi na muhuri, na fomu ifike dirishani kwenye ofisi ya jeshi Mbarara kabla ya saa kumi jioni, tarehe 30 Septemba. Asiyetimiza hayo jina lake huingia kwenye orodha ya wanaosubiri, na nyota zake huzirudisha mpaka siku atakapoitwa. Wapo waliokuwa wamesubiri miaka sita.

Mutware aliisoma aya hiyo akatabasamu. Alidhani mtu aliyefaulu hawezi kukosa pa kukaa. Huo ulikuwa ujinga wa watu waaminifu, nao huumiza kama ujinga mwingine wowote.

Julai nzima na Agosti nzima alikwenda Mbarara kila Ijumaa, akasimama kwenye foleni ya dirisha la Sajini Rugamba, karani wa maofisa wa akiba.

"Sajini, bado?"

"Afande, nyota iko, kiti hakuna," Rugamba alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi hapana fundi ya viti."

Foleni ikacheka. Wiki nyingine Rugamba alimwinamia kwa sauti ya chini. "Tafuta mtu mkubwa akusemee, afande."

"Alama zangu zitanisemea."

"Alama haipigi simu, afande."

Ndivyo ilivyokuwa. Wenye wajomba waliingia kwa mlango wa nyuma wakatoka na barua. Waliosimama mbele ya dirisha walitoka na jua la kichwa. Ghala la jeshi la Biharwe lilikuwa na nafasi Jumatatu. Mutware alipofika Jumanne, kijana aliyekula naye kiapo alikuwa ameshakalia kiti, anachonga penseli.

Katikati ya Septemba Rugamba alimwonea huruma, akamwandikia sehemu mbili kwenye kipande cha karatasi: Kikagate na Nakivale.

Alianza na Kikagate, mpakani. Kapteni Rutayisire alihitaji ofisa wa kuwafunza walinzi wa vijiji. Alikuwa mtu mnene, anayetafuna mahindi ya kuchoma huku akikagua buti za mgeni wake.

"Nafasi ninayo moja, mnaoitaka ni watatu," alisema. "Wewe nimekupenda kwa sababu umejileta mwenyewe, hukuletwa. Nijibu Jumatano ya tarehe ishirini na nane, kabla ya saa sita. Saa sita na dakika moja, mimi sikujui."

Mtu mwenye njaa hachagui sahani, lakini Mutware alichagua. Kikagate angelazimika kuhama, aliache darasa lake, na mkewe Kyomugisha alikuwa mja mzito wa miezi minane. Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, angeweza kwenda na kurudi kwa pikipiki. Rugamba alikuwa amesema kwamba ofisa wa walinzi wa huko alikuwa karibu kuhamishwa. Mutware akaamua kuuliza Nakivale kwanza.

Jumatano, saa nne asubuhi, alipiga simu Nakivale. Mkuu wa kituo alikuwa ametoka kukagua vijiji. Aliyepokea alikuwa Musoni, Mkongomani wa Kivu Kusini, mkulima mtu mzima ambaye pia alifagia kituo, aliwatafsiria wakimbizi wenzake na kuitikia simu.

"Hapa ni Luteni Mutware. Nafasi iko huko?"

"Fasi?" Simu ilikuwa ikikwaruza. "Fasi iko, Afande! Fasi iko mingi. Unakuja siku gani?"

"Kesho."

"Kuja tu. Tutakupangia muzuri."

"Mkuu atakubali?"

"Mukubwa? Eee! Ule hakatalaka muntu."

Mutware angeweza kuuliza: nafasi ya nani? Ya kazi gani? Imeachwa lini? Maswali matatu, nusu dakika ya simu. Hakuuliza. Ofisa mpya huona aibu kuuliza mara ya pili, hasa kwa mfagizi, na moyo ukishapata jibu unalolitamani hulifungia mlango haraka lisitoroke. Saa tano na nusu alipiga simu Kikagate.

"Nashukuru sana, Afande. Nimepata pa karibu."

"Haya," alisema Rutayisire. Simu ikakatika.

Alhamisi alipiga pasi sare yake, akapanda pikipiki hadi Nakivale, vumbi jekundu likimpaka mpaka kwenye kope. Musoni alikuwa mlangoni, amevaa shati safi. Alipiga saluti ya mkono wa kushoto, akabeba begi la mgeni, akapita mlango wa ofisi bila kusimama. Nyuma ya jengo alifungua chumba kidogo. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Palikuwa na godoro, chandarua, jagi la maji na kigoda.

"Fasi yako ni hii, Afande. Bibi yangu Nyirabizimana alifagia mara mbili."

"Ahsante, mzee. Na ofisi yangu?"

"Ofisi?" Musoni alimtazama. "Ofisi iko ya Afande Ndayambaje. Alikuja mwezi wa munane, kukamata kazi ya ule aliyeenda."

Mutware alikaa juu ya kigoda. "Uliniambia nafasi iko."

"Fasi iko! Si hii?" Musoni aligusa godoro, kisha akaona uso wa mgeni wake, na mkono ukabaki hapo hapo. Kwa watu wake, fasi ni mahali: pa kulala, pa kukaa, pa kupanda muhogo. "Afande, ungeniuliza *poste*, ile ya kazi, ningekuambia poste haiko. Wewe uliuliza fasi. Miye nilisema, huyu ni mugeni, hana fasi ya kulala."

Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Mutware alipiga simu Kikagate.

"Nani? Aa, Luteni." Mahindi yalisikika yakitafunwa. "Nimeshamwandika mwenzako. Saa sita na dakika moja. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, Afande."

Musoni alikuwa ameinama mlangoni kama aliyevunja chombo cha watu. "Ile karatasi yako inataka nini?"

"Sahihi na muhuri wa mkuu."

"Muhuri iko mu sanduku. Ufunguo iko kwangu. Sahihi yake miye naijua." Akanong'ona. "Niweke?"

Mutware aliitazama fomu mapajani mwake. Rugamba angeipokea bila kuisoma; wangapi walikuwa wamepita kwa njia mbaya kuliko hiyo? Lakini mwaka uleule alikuwa amempa sifuri mtoto wa shemeji yake kwa kunakili hesabu moja. Na jambo likigundulika, luteni angevuliwa nyota tu, mkimbizi angefungwa.

"Hapana, mzee. Usiuguse."

Nyirabizimana alileta bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa laini. Walikula wote watatu.

"Miye niko ku liste ya kusafiri ng'ambo," Musoni alisema mwishowe. "Mwaka wa kenda huu. Liste haiuwe muntu, Afande. Inachokesha tu."

Ijumaa, saa tisa alasiri, Mutware alisimama mbele ya dirisha la Mbarara. Rugamba aliigeuza fomu.

"Hapa kwa nafasi umeacha wazi, afande."

"Sina cha kujaza."

"Nakivale hukuuliza?"

"Niliuliza."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Rugamba hakufanya mzaha. Alisukuma bahasha ya kaki kupitia dirishani. Mutware alizifungua nyota zake mwenyewe, ya kulia, kisha ya kushoto, iliyomsumbua kwa sababu pini ilikuwa bado mpya na ngumu. Aliambiwa angoje stakabadhi.

Benchi la ukumbini lilikuwa limejaa maofisa wa orodha, mabega matupu. Mmoja wao, mwenye mvi, akajisogeza.

"Kaa, mwalimu. Nafasi iko."

Mutware hakukaa. "Nafasi gani?" aliuliza.

"Ya makalio, ndugu yangu," mzee akamjibu, na benchi zima likacheka.

Akakaa.