Bahasha ya Mwaka Sabini na Moja

Katika mji wetu mzima wa Kikinda hakuna mtu aliyeitumikia sataranji kama Radivoje Stojkov, na hakuna aliyenitia hasira kama yeye. Karibu miaka arobaini amekuwa katibu wa klabu yetu: yeye kupanga mashindano, yeye mwamuzi, yeye kuwasha jiko la kuni kabla hatujafika. Ameandika vitabu viwili, na hujisifia jambo moja tu: kumbukumbu zake hazina kosa.

Hazina kosa! Thubutu! Mimi nimo humo.

Enzi zile mchezo ukikatizwa jioni, mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri, akaitia kwenye bahasha, na mwamuzi akaitunza mpaka asubuhi. Mwaka sabini na moja, katika mchezo wa mwisho wa ubingwa wa mji, nilimkabidhi Radivoje bahasha yangu. Kulipokucha akapekua mifuko, akapekua meza, kisha akasema mbele ya watu, "Svetozar hakunipa kitu." Nikahesabiwa nimeshindwa.

Nami ni tarishi wa posta! Watu wakapata la kusema. "Tarishi, barua yangu iko wapi? Umempa Radivoje?" Hata kinyozi hakuniacha. Nilicheka nao, lakini iliniuma, tena sana. Kila aliyekuwa tayari kunisikiliza nilimwambia: niliandika kete yangu ya ngome ishuke mpaka mwisho wa ubao, na ubingwa ulikuwa wangu.

Ikapita miaka thelathini na mitatu. Majira haya ya baridi kitabu cha tatu cha Radivoje, historia ya klabu, kilikuwa tayari kupigwa chapa. Akaja kwangu bila kofia, theluji kichwani. Hata kahawa hakuitaka.

"Jirani, nilikuwa natoa koti la zamani nimpe mpwa wangu. Kumbe mfuko ulitoboka. Hii ilikuwa ndani ya bitana."

Bahasha, gundi haijaguswa, saini zetu mbili juu yake.

"Nimewaambia wapiga chapa wasubiri," akasema.

"Mpumbavu wewe!" nikamfokea. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Nisamehe."

Tukapanga kete kama zilivyokuwa jioni ile. Akaifungua bahasha, akaisoma karatasi. Ngome, vilevile nilivyosema. Akaishusha, kisha akajibu kwa farasi wa mpinzani wangu wa siku ile, upande ambao sikuwahi kuutazama. Nikaona mwenyewe: hatua tatu, na mfalme wangu kwisha. Yeye akageukia dirishani.

"Nitaandika kwamba mwamuzi alipoteza bahasha," akasema polepole. "Hatua yako siiandiki. Ya nini watu wajue?"

Loo, nilitamani kukubali! Miaka yote ile nimewachosha watu na ngome yangu. Nikaikunjua ile karatasi, nikamwekea mbele yake.

"Iandike, Radivoje. Tarishi ameshafikisha barua yake. Sasa isomwe."